Namna ya kukodi nyumba ya ufukweni Kigamboni kwa likizo ya familia

Nasimamia nyumba tatu za kupangisha upande wa Kigamboni, Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilikuwa mpangaji wa likizo kama wewe, na msafara wangu ulikuwa mume, watoto wanne, mama mkwe na majirani wawili waliojialika. Karibu kila anayenipigia simu huanza na, "Dada, ina vyumba vingapi?" Vyumba tutavifikia. Kwanza niulize bahari itakuwa wapi siku hiyo.

Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kuangalia mwezi

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Sehemu nyingi za ufukwe kuanzia Mjimwema, Gezaulole hadi Kimbiji zina miamba na kina kifupi, kwa hiyo maji yakitoka yametoka kweli. Mtoto anaamka na boya lake kiunoni, anakuta uwanja wa mpira.

Wavuvi hawahangaiki na hili. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huendelea siku mbili tatu. Siku hizo, hapa Dar, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yako mbali. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayaendi mbali, na hujaa katikati ya asubuhi.

Huhitaji programu ya simu. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha: kuzunguka tarehe 1 na 15 ni bamvu, kuzunguka tarehe 8 na 23 ni maji mafu. Wenye watoto wadogo wachukue maji mafu, wacheze asubuhi, wale, walale. Ukiwa na vijana wanaoamka saa tano, bamvu inawafaa, maana bahari itawasubiri jioni.

Kisha msimu. Likizo ya shule ya Juni inaangukia kwenye kusi. Kuna upepo, mwani hutupwa ufukweni, bahari huchafuka nje ya mwamba, na usiku utatafuta shuka la pili. Desemba, kaskazi ikivuma, joto ni kali lakini maji huwa safi zaidi. Mimi binafsi napenda Juni: nyumba haipiki watu ndani. Ila kama wikendi yako inagusa Saba Saba, weka oda mapema na utegemee foleni Barabara ya Kilwa.

Hatua ya 2: Zisome picha

Pwani hii inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya nyumba, kwenye minazi. Ukiona tangazo la "nyumba ya ufukweni Kigamboni" lenye jua la machweo likizama katikati ya bahari, picha hiyo imepigwa kwingine. Hapo nimekuokolea pesa.

Faida ya mashariki ni kwamba baraza linalotazama bahari hupigwa jua asubuhi na kupata kivuli kuanzia mchana. Omba picha ya baraza hilo saa tisa alasiri, na nyingine ya maji yakiwa yametoka. Atakayekwambia hana picha ya maji yakiwa yametoka, mwache aende zake.

Ukiambiwa nyumba iko "hatua tano kutoka majini", jiulize. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ama tangazo linatia chumvi, ama ukuta huo una mgogoro wake.

Hatua ya 3: Ongea na mlinzi

Dalali anaijua bei. Mlinzi ndiye anayelala pale. Omba namba yake, au nenda mwenyewe siku ya kazi, umsalimie kwanza, usikimbilie maswali. Nilipokuwa mpangaji nilimuuliza mzee mmoja kama maji ya bomba yanatoka.

"Yanatoka, mwanangu," akasema. Kimya kidogo. "Yakitoka."

Basi uliza hivi: Maji ni ya kisima au ya boza? Ya kisima yana chumvi? Tanki ni la lita ngapi, na pampu ikizima hujazwaje? Watu 12 wanaotoka baharini, kila mmoja akioga mara mbili, tanki la lita 1,000 halifiki kesho. Umeme wa LUKU ananunua nani? Viyoyozi vikiwaka usiku kucha, yuniti huyeyuka. Choo kimoja kinahudumia watu wangapi, na chemba ilinyonywa lini? Swali hili watu huona haya kuliuliza. Mimi nilishaona sikukuu ikivunjika kwa sababu yake.

Na vyumba, haya sasa. Usihesabu vyumba, hesabu magodoro, neti na feni.

Hatua ya 4: Pesa

Mwaka mmoja nililipa nusu kwa nyumba niliyoiona kwenye picha tu. Tulifika na mabegi yetu, tukamkuta mama wa watu anaanika nguo. Nyumba yake, anaishi humo, hajawahi kumpangisha mtu. Namba ya "mwenye nyumba" haikupatikana tena.

Tangu hapo sitoi kianzio kabla mtu hajanitembeza nyumba nzima kwa simu ya video, geti hadi jikoni. Unapotuma pesa kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Likitofautiana na jina ulilopewa, simama. Ukiwa na shaka, ofisi ya serikali ya mtaa wanajua nyumba ni ya nani.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, idadi ya watu, kianzio, pesa ya tahadhari, na itakuwaje mkiahirisha. Uliza pia kama bei ni ya nyumba au ya kichwa. Nyumba ya laki tatu kwa usiku mkiwa 12 ni elfu 25 kila mmoja, na hesabu hiyo ndiyo inayowafanya mashemeji wachange.

Hatua ya 5: Kuvuka na kubeba

Pitia soko la Feri asubuhi, nunua changu au pweza, weka kwenye barafu, kisha panda kivuko pale Magogoni. Ukiwa na gari lililojaa, Daraja la Nyerere kutoka Kurasini lina tozo lakini halina foleni ya kivuko. Ulizia kipande cha mwisho cha njia, maana gari dogo hunasa kwenye mchanga.

Beba sufuria kubwa na mbuzi ya kukunia nazi. Nyumba hizi huwa na glasi nyingi za mvinyo na kisufuria kimoja cha watu wanne.

Hatua ya 6: Mkifika

Kabla ya kushusha mabegi, fungua mabomba yote, piga picha kila kilichovunjika na mita ya LUKU, mtumie mwenye nyumba palepale. Mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo na vyungu vya maua. Dar ilipata milipuko ya homa ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake huuma mchana, wakati neti imefungwa juu.

Watoto wavae viatu majini, kwenye miamba kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi. Usitegemee kuwa kuna mwokoaji. Sisi hugawana zamu za saa moja moja: mtu mzima mmoja, simu imeachwa ndani, kazi yake ni kuhesabu vichwa. Maji yakianza kutoka kwa kasi, wote wapande juu.

Hatua ya 7: Siku ya kuondoka

Jumapili ondokeni kabla ya saa nane mchana, la sivyo mtavuka na jiji zima. Pigeni tena picha zilezile za mwanzo, someni mita mkiwa na mlinzi, na pesa ya tahadhari irudi kwenye simu kabla hamjawasha gari. Mlinzi mwachie chochote, na samaki waliobaki.