Kubadilisha silinda hedi iliyopasuka kwenye gari ya dizeli ya zamani ya porini

Hedi ya dizeli, yaani kile kifuniko kizito kinachofunga silinda za injini kwa juu, haipasuki yenyewe, kuna kitu kimeichemsha au kimeipa moto kuliko ilivyotengenezwa kubeba, na ukifunga hedi mpya bila kukijua hicho kitu basi umenunua miezi michache tu afu unarudi pale pale. Kwa hiyo ntaeleza kazi yenyewe ya kushusha na kufunga, lakini ntakaa sana kwenye kupima na kwenye upande wa maji, kwa sababu hapo ndo watu wanapakimbia wakati kukaza bolti ni kazi ya muda mfupi tu.

Kwanza hakikisha ni hedi kweli. Dalili zinajulikana, maji yanapungua na hakuna sehemu inavuja, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ikiwa bado ya baridi, mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta, moshi mweupe asubuhi, oili inageuka nyeupe nyeupe kama uji. Ila dalili hizo hizo zinaletwa pia na gasketi iliyoungua peke yake (gasketi ni ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, mwili wa injini ulio chini yake). Na ukikuta oili kwenye maji lakini oili ya injini yenyewe ni safi, angalia kwanza kipoza oili maana kwenye injini nyingi za zamani kinakaa ubavuni kwenye bloku na kikitoboka oili inasukumwa kuingia kwenye maji kwa presha. Gari ya otomatiki nayo mara nyingi inapoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta, kwa hiyo uchafu mwekundu mwekundu kwenye maji unaweza usihusiane na hedi kabisa.

Kipimo ninachokipenda mimi ni hiki: injini ikiwa ya baridi funga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, pandisha mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta usizidishe, iache usiku mzima. Asubuhi toa plagi za kupashia moto zote, au nozeli (zinazonyunyiza dizeli), afu zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Silinda itakayotema maji ndo yenye shida. Usikimbilie kupiga stata kabla ya kutoa plagi, maji hayagandamiziki, pistoni ikiyakuta juu pale rodi inapinda na sasa unakuwa na kazi nyingine kubwa kuliko hedi.

Kushusha sasa. Injini iwe imepoa kabisa, sio vuguvugu, hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ya moto inapinda. Chomoa betri, mwaga maji kwenye rejeta na pia kwenye bomba la kumwagia lililo ubavuni mwa bloku, wengi wanalisahau hilo afu maji yote ya kwenye bloku yanamwagikia ndani ya silinda ukinyanyua hedi. Piga picha kwa simu kila hatua, mipira, waya, mabomba ya vakyumu, usiamini kichwa. Mabomba ya dizeli ukiyafungua tu ziba midomo yake yote na ya pampu na ya nozeli kwa plastiki safi, punje moja ya mchanga inaua nozeli. Kabla hujagusa mkanda wa taimingi au cheni, inayounganisha krenki na vali, peleka silinda namba moja kwenye alama ya juu, na weka alama zako mwenyewe kwa rangi hata kama za kiwanda zinaonekana.

Bolti za hedi unalegeza kwa mpangilio wa kinyume na wa kukaza, yaani unaanzia pembeni mwisho kabisa unakuja katikati, na kila moja unailegeza kidogo kidogo kwa mizunguko miwili mitatu, sio unatoa moja mpaka iishe ndo unaenda nyingine. Chukua kipande cha boksi, chora hedi, toboa matundu, chomeka kila bolti mahali ilipotoka, maana kwenye injini nyingi zina urefu tofauti. Pushi rodi, vile vijiti vinavyosukuma vali, vile vile kama injini yako inazo. Kuinyanyua, hedi ya chuma ya silinda sita tumia winchi tu, sio kitu cha kubeba mikononi huku umeinama juu ya bampa. Ikigoma kutoka usichomeke bisbisi katikati ya hedi na bloku, mkwaruzo mmoja pale ndo mlango wa maji. Igonge kwa nyundo ya mpira kwenye pembe zake na uangalie kama kuna bolti ndogo umeisahau upande wa kava ya taimingi, mara nyingi ipo. Ikishuka ilaze juu ya mbao mbili, kwenye injini zinazonyunyiza dizeli moja kwa moja ndani ya silinda ncha za nozeli huwa zinachungulia nje na zikigusa chini zimekwisha.

Kabla ya kusafisha chochote angalia vichwa vya pistoni. Pistoni zote zitakuwa na masizi meusi ila ile iliyokuwa inanyweshwa maji inakuwa imesafishwa na mvuke, safi kabisa au ina rangi ya kijivu. Inakuonyesha ni sehemu gani ya hedi uitafute nyufa. Tafuta kati ya vali ya kuingiza na ya ekzozi, na kwa injini zenye kikombe cha kuwashia (dizeli inaanza kuwaka humo) kilichopachikwa ndani ya hedi tafuta kutoka ukingo wa kikombe kwenda kwenye kiti cha vali. Hiyo sehemu ni nyembamba na inakula moto wote. Ndo maana injini ya 1KZ-TE ya Toyota yenye hedi ya aluminiamu imejulikana kwa kupasuka hapo, na 1HZ ya lita 4.2 ambayo hedi yake ni ya chuma na ilitoka kiwandani bila tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) inavumilia miaka na miaka, mpaka mtu aifungie tabo na kuiongezea dizeli ndo nayo inaanza.

Sio kila ufa unaoonekana umeua hedi. Vijinyufa vyembamba kati ya viti vya vali vipo kwenye hedi nyingi za aina hii na baadhi ya watengenezaji wanaviruhusu kwa kipimo, ufa uliofika kwenye njia ya maji ndo haukubaliki. Jicho haliwezi kukuambia umefika au haujafika. Peleka karakana ya mashine waifunge wapime kwa presha ikiwa kwenye maji ya moto, sio ya baridi, kwa sababu ufa mwingi unafunguka chuma kikipata joto.

Ikishathibitika imepasuka una njia kama tatu. Kuchomelea aluminiamu mimi siipendi, joto la kuchomelea linalegeza ugumu wa hedi yote na inarudi kupinda, ningeifanya tu kama hedi ya injini hiyo haipatikani popote. Ya chuma cha kumimina inaweza kushonwa kwa pini za chuma zinazopangwa kwenye ufa na fundi anayejua kweli kazi hiyo. Hedi ya mtumba, usilipe mpaka imepimwa presha na unyoofu, muuzaji anayekataa ipimwe ameshakujibu. Mpya ndo njia yangu, ila hata mpya iliyotengenezwa na kampuni nyingine sio ya gari yenyewe inabidi uikague: weka gasketi juu yake uone kila tundu la maji na la oili linakutana, angalia vikombe havichezi na vimekaa usawa unaotakiwa, pima vali zimezama kiasi gani, ioshe njia zote za oili kwa brashi maana chenga za kiwandani zinabaki humo. Na kama inauzwa tupu bila vali, usihamishe vali za zamani bila kuzisaga upya kwenye viti vyake vipya.

Kuhusu kuskimu, dizeli sio petroli. Ukiikata uso hedi, vali zinasogea karibu na pistoni na vikombe vinatokeza, na watengenezaji wengi wa dizeli wanakataza kabisa au wanatoa nafasi ndogo sana. Fundi akikwambia anaikata kidogo tu muulize atarudisha vipi kina cha vali.

Bloku sasa, hapa usiharakishe. Ziba silinda na njia za oili kwa vitambaa safi, kwangua gasketi ya zamani kwa mkono kwa wembe mpana. Usitumie diski za kusugulia za mashine, unga wake unaingia kwenye oili na unakula beringi za krenki. Weka rula ya chuma iliyonyooka kweli kweli, urefu, upana na kona kwa kona, pitisha fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Kikomo kipo kwenye kitabu cha injini yako na kwa injini nyingi ni sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, ikizidi bloku inabidi iende mashine.

Afu matundu ya bolti. Yasafishe nyuzi zake, yapulize kwa hewa mpaka chini, yafute, yapulize tena. Tundu likibaki na oili au maji chini, bolti ikishuka inakuwa kama pampu, presha yote inaenda kwenye kuta za tundu na bloku inapasuka hapo hapo wakati unakaza, au toki (nguvu ya kukaza) inasoma imefika kumbe hedi haijabanwa. Ni kazi ya nusu saa na inaokoa injini nzima.

Gasketi zinakuja na unene tofauti, zinatambulika kwa vitundu, mikato au herufi kwenye ukingo. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloku ikiwa juu kabisa, kwa geji yenye uso kama wa saa, unapima sehemu mbili kwenye mstari wa pini ya pistoni ili isiyumbe, unafanya pistoni zote na unafuata ile iliyotokeza zaidi. Kufuata alama ya gasketi ya zamani ni sawa tu kama una uhakika hakuna aliyewahi kuifungua injini hiyo, na kwa gari ya zamani uhakika huo huna.

Gasketi inafungwa kavu. Hakuna silikoni, hakuna gundi, isipokuwa zile pembe za kava ya taimingi kama kitabu kinasema. Kwenye injini zenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) juu rudisha krenki kidogo ili hakuna pistoni iliyo juu kabisa, shusha hedi wima kwenye pini zake za kuongozea, usiiburute. Bolti zinazokazwa kwa digrii zinavutika, kwa hiyo nunua mpya. Zipake oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa kama kitabu hakisemi vingine, na kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua. Mfano Land Rover 300Tdi ni 40 Nm zote, afu digrii 60, afu digrii 60 tena, na zile ndefu zinaongezewa 20. Hizo ni za injini hiyo tu, ya kwako tafuta zake. Bolti ikikaza kwa mkwaruzo au ikilegea ghafla simama, itoe uone.

Mkanda wa taimingi, tensheni, wosha za shaba za nozeli, vyote vipya. Nozeli zipeleke zikapimwe, nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza inachoma pistoni na hedi. Ukishafunga taimingi zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili uone alama zimerudi, ikikwama hata kidogo usilazimishe, vali imekutana na pistoni. Afu pima tapeti, yaani nafasi ya vali.

Sasa kilichoichemsha. Rejeta ya gari ya porini inaziba nje kwa matope na mbegu za majani kati ya rejeta na kondensa ya AC, mahali ambapo huoni mpaka uitoe, na ndani inaziba kwa kutu. Itoe isafishwe au ibadilishwe. Thamostati mpya uichovye kwenye maji ya moto na kipimajoto uone inafunguka kwenye namba iliyogongwa juu yake. Klachi ya feni injini ikiwa ya moto lazima iwe nzito kuizungusha kwa mkono, injini imezimwa lakini. Kava ya feni iwepo, nzima, feni bila kava inavuta hewa ya pembeni. Mfuniko wa rejeta mpya. Pampu ya maji, kama haijulikani umri wake, mpya. Maji ya bomba matupu yanakula aluminiamu kwa ndani, tumia kulanti na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu.

Kujaza, inua pua ya gari, fungua hita mpaka mwisho, jaza polepole huku unaminya mipira hewa itoke. Oili na filta mpya kabla ya kuwasha, na kama maji yalikuwa yameingia kwenye oili badilisha tena baada ya kilomita 500 hivi. Chomoa waya wa kuzimia dizeli kwenye pampu, piga stata mpaka taa ya oili izime, rudisha waya, toa hewa kwenye dizeli, washa. Usikanyage mafuta. Iache ipate joto mpaka thamostati ifunguke, uone maji yanatembea, afu zima iache ipoe kabisa na uongeze maji. Bolti za digrii hazirudiwi kukazwa, za aina ya zamani za toki tupu zinarudiwa kama kitabu kinavyosema.

Kitu cha mwisho cha kufunga ni geji ya pili. Geji ya dashibodi inapima maji, maji yakiisha sensa inabaki hewani na mshale unatulia kabisa wakati hedi inaungua. Funga sensa ya joto inayobana kwenye chuma cha hedi pamoja na king'ora cha maji kupungua, na kama una tabo ongeza kipima joto la ekzozi kwenye manifodi kabla ya tabo, wengi wanaachia mguu ikikaribia digrii 700 hasa kwenye mlima mrefu wenye mchanga. Wiki za mwanzo fungua mfuniko kila asubuhi ikiwa ya baridi, angalia usawa wa maji na ubonye mpira wa juu, ukiwa laini asubuhi na maji hayajashuka endelea na safari zako.