Sileji Mbovu Huishia Kwenye Ndoo ya Maziwa

Bakteria wawili wa sileji, yaani malisho mabichi yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa, wanamhusu sana mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Listeria monocytogenes huweza kuharibu mimba, ya ng'ombe na ya mama anayekunywa maziwa yake. Clostridium huacha spora, yaani chembe zenye ganda gumu, zinazopita tumboni mwa ng'ombe bila kudhurika, zikatoka na kinyesi, zikaganda kwenye chuchu na kudondokea ndooni. Udongo huwaleta wote wawili. Sileji isiyochachuka vizuri huwalea.

Kata mahindi punje zikiminywa zinatoa uji mzito. Acha kisiki cha sentimita 15, kwani ukikata chini kabisa unabeba udongo. Katakata vipande vya sentimita 2 hivi, vikidondokea kwenye turubai. Kisha bana konzi moja kwa nguvu: maji yakichuruzika, malisho ni mabichi mno, yaanike kidogo; yakifumuka mara tu ukifungua kiganja, yamekauka kupita kiasi. Mahindi yana sukari ya kutosha kuchachuka. Mabingobingo hayana, hivyo nyunyizia lita 1 ya molasi iliyochanganywa na lita 3 za maji kwa kila kilo 70.

Jaza shimoni tabaka za sentimita 15 hadi 20 na kushindilia kila moja. Wengi hushindilia katikati wakasahau kingo, na ukungu huanzia hapo hapo. Funika kwa nailoni siku ile ile, ukandamize kwa matairi au udongo juu ya nailoni, na uzibe kila tundu la panya: hewa ikipenya, asidi inayotunza sileji huliwa na hamira na ukungu, kisha Listeria hupata nafasi.

Fungua baada ya wiki 6. Sileji nzuri ya mahindi hunukia siki kwa mbali na pH yake (kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa) ni kati ya 3.8 na 4.2. Ikipanda kupita 5, usiwape ng'ombe wanaokamuliwa. Harufu ya samli iliyochacha ni dalili ya Clostridium. Ukiona ukungu, tupa na sehemu inayouzunguka, maana bakteria huenea kuliko jicho linavyoona; usiichanganye na nzuri ili "isipotee". Kila siku ondoa angalau sentimita 15 kwenye uso wote wa shimo, ufunike tena, na ufagie masazo horini.

Wakati wa kukamua, safisha chuchu na uzikaushe kwa kitambaa cha kila ng'ombe peke yake, kwa sababu maji yanayochuruzika hubeba kinyesi. Mikamuo ya kwanza ikamulie kwenye kikombe cheusi, uitupe.

Kuchemsha maziwa huua Listeria. Mtindi wa maziwa mabichi hautoi uhakika huo, maana bakteria huyu huvumilia asidi; chemsha kwanza, ndipo ugandishe. Spora hazifi kwa kuchemshwa: za Clostridium huweza kuvimbisha na kupasua jibini gumu wiki kadhaa baadaye, hata kama maziwa yalipitishwa kwenye nyuzi 72 kwa sekunde 15.