Kurekebisha Bafa za Soketi kwa Seva Iliyo Mbali

Programu inayotuma kumbukumbu za mizani kutoka ghala la samaki hapa Mwanza kwenda seva iliyoko Frankfurt inaweza kusuasua hata laini ikiwa na nafasi tele, kwa sababu TCP (itifaki inayohakikisha data inafika kamili na kwa mpangilio) haitumi data zaidi ya kiasi ambacho upande wa pili umetangaza kuwa unaweza kupokea, na kiasi hicho, kiitwacho dirisha, hutegemea bafa (sehemu ya kuhifadhi data kwa muda) ya soketi yake, yaani ncha yake ya muunganisho. Kwa hiyo pima kwanza, ndipo ubadilishe.

Tumia amri ya ping kupata muda wa kwenda na kurudi. Tuseme ni milisekunde 180 na laini ni ya megabiti 20 kwa sekunde: 20,000,000 mara 0.18 ni biti 3,600,000, yaani baiti 450,000, ambazo zinapaswa kuwa njiani wakati wote ili laini isikae bure. Seva ikiwa ndani ya jengo lako, kwa milisekunde 2, hesabu hiyo hutoa baiti 5,000 tu; hapo usiguse kitu.

Nilipoweka SO_RCVBUF (ukubwa wa bafa ya kupokea) ya baiti 900,000 kwa mara ya kwanza, setsockopt, yaani wito wa kuweka mpangilio wa soketi, haikutoa kosa lolote, lakini getsockopt, wito wa kuusoma, ilinirudishia 425,984. Kikomo cha net.core.rmem_max, mpangilio wa Linux unaoweka ukubwa wa juu wa bafa ya kupokea unaoweza kuombwa, kwenye mashine ile kilikuwa 212,992. Linux ilipunguza ombi langu kimyakimya hadi hapo, kisha ikalizidisha mara mbili kwa ajili ya hesabu zake za ndani. Data yenyewe ilibakiwa na takriban nusu, ambayo kwa milisekunde 180 haivuki megabiti 9.5 kwa sekunde. Ubaya zaidi ni kwamba ukiweka SO_RCVBUF mwenyewe, Linux huacha kuikuza bafa hiyo, ilhali soketi isiyoguswa hukua kadiri ya mahitaji hadi namba ya tatu (kikomo cha juu) ya mpangilio wa net.ipv4.tcp_rmem, ambayo kwenye mashine nyingi ni 6,291,456.

Ndiyo maana kwa TCP nashauri uiondoe setsockopt na, ikibidi, uongeze namba hiyo ya tatu. Kwa upande wa kutuma, fanya vivyo hivyo kwenye net.ipv4.tcp_wmem. Ikiwa ni lazima uweke kiasi maalumu, ongeza kwanza rmem_max na wmem_max (mwenzake wa kutuma), kisha weka kabla ya connect, wito wa kuunganisha, au kwa seva, kwenye soketi inayosikiliza kabla ya listen, wito wa kuanza kusikiliza, kwa kuwa kipimo cha kukuza dirisha juu ya baiti 65,535 hupatanwa muunganisho unapoanza na hakibadiliki baadaye. Kumbuka pia kwamba miunganisho 1,000 yenye bafa za megabaiti 1 inaweza kudai gigabaiti nzima ya RAM.

UDP, itifaki inayotuma pakiti bila kuhakikisha zimefika, ni tofauti: haina ukuzaji wa aina hiyo, na pakiti zikifika bafa ikiwa imejaa hutupwa, kwa hiyo huko SO_RCVBUF ina kazi ya kweli.

Baada ya kila badiliko, endesha amri ya ss -tm, inayoonyesha matumizi ya RAM ya soketi za TCP, wakati data inapita na usome namba inayofuata herufi rb kwenye sehemu ya skmem: hiyo ndiyo bafa ya kupokea uliyopewa, si ile uliyoomba.