Inveta ikilia usiku kwenye gari la kulala, shika mita kabla ya kushika pochi

Saa nane usiku, Newala, tumeegesha upande wa Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako upepo haukatiki. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikaanza kulia: ti, ti, ti. Friji inajaribu kuwaka, inaguna, inakata. Inatulia dakika chache, inajaribu tena, na mlio unarudi. Ndani ya friji ile mlikuwa na insulini ya mama mkwe wangu, ambaye asubuhi yake tulikuwa tunampeleka kliniki Mtwara. Baba Asha akawasha tochi ya simu, akaimulika inveta, akasema, "Mama Asha, hii nayo imekufa."

Haikuwa imekufa. Mwaka juzi nilisikia mlio huohuo tukiwa Lindi mjini, fundi mmoja akaniambia inveta imeungua, nikatoa laki tatu na nusu nikanunua nyingine. Wiki ya pili, tukiwa mnadani Tandahimba, ile mpya nayo ikalia vilevile. Ile "iliyoungua" ninayo hadi leo, inaendesha taa na feni nyumbani kwetu Chikongola, haijawahi kusumbua. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya mtu atakayeusikia mlio ule usiku, mbali na duka, akaambiwa anunue.

Sisi tunaishi ndani ya Coaster kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikifunguliwa, mpaka ikiisha. Viti tulivitoa. Tumeweka kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, na meza yangu ya kazi: printa ya picha, mashine ya laminesheni, chaji za simu za watu. Umeme wetu ni betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 100, zimefungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Inveta ya wati 1500. Na paneli mbili za sola juu ya paa. Umeme wa majumbani nilisoma VETA Mtwara. Umeme wa gari nimefundishwa na barabara.

Kabla hujagusa kitu, zima inveta kwa swichi yake na uchomoe waya wa nje kama gari limechomekwa mahali. Vua pete, vua bangili. Zangu huwa naziweka kwenye kikombe cha chai. Volti 12 hazikurushi, ndiyo maana watu wanazidharau, lakini spana ikigusa chanya na bodi ya gari kwa pamoja inawaka nyekundu mkononi, na pete ikipata shoti hiyo inachoma mpaka kwenye mfupa. Upande wa pili wa inveta ni volti 230, umeme uleule wa nyumbani, na unaua vilevile. Kasha la inveta usilifungue: kapasita za ndani hubaki na chaji hata ukiwa umeshaizima. Betri zako zikiwa za maji, fungua mlango hewa ipite, na asiwashe mtu kiberiti, kwa sababu zikichaji zinatoa gesi inayoripuka.

Sasa betri. Zima kila kitu, weka mita ya kupimia volti kwenye DC, yaani umeme wa betri, gusa vichwa vyenyewe vya betri, siyo waya. Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika ikisoma 12.6 hadi 12.8 imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo, na hapo unatakiwa uache kuitumia kama unaipenda. Ikitoka tu kuchajiwa itakudanganya kwa kusoma juu, ndiyo maana nasema ipumzike. Wenye betri za lithiamu za fosfeti, mita haiwasaidii sana hapa. Betri hiyo hukaa kwenye 13.2 hivi kwa muda mrefu, ikija kushuka inashuka ghafla. Na ukikuta inasoma sifuri usilie, mara nyingi ni ulinzi wake wa ndani umejifunga, inahitaji chaji inayoweza kuuamsha.

Usiku ule betri zangu zilisoma 12.4. Baba Asha akasema, "Si unaona? Betri nzima. Ni inveta." Hapo ndipo wengi tunapokosea, mimi wa kwanza. Namba ya betri isiyobeba mzigo haisemi lolote kuhusu njia ya umeme. Mpe mtu ndoo tupu, hutajua kama goti linamuuma.

Kwa hiyo ibebeshe betri mzigo, yaani washa kitu kinachovuta umeme, halafu upime. Friji haifai kwa kupimia, maana inavuta sana kwa nukta moja ya kuwaka, mara kadhaa ya wati zake za kawaida, kisha inatulia, na mita ya kawaida haiwahi kuishika nukta hiyo. Mimi natumia rice cooker ya wati 400 yenye maji kidogo. Inavuta sawasawa bila kuyumba, kama ampea 40 kutoka kwenye betri. Niliiwasha, nikapima kwenye vichwa vya betri: 12.1. Nikahamia kwenye teminali za inveta, mita moja na nusu tu kutoka pale: 10.6.

Inveta nyingi za volti 12 huanza kulia zikiona 11 au chini yake kidogo, na hukata zikikaribia 10.5. Yangu ilikuwa inasema kweli tupu: mimi huku nimepata 10.6. Volti moja na nusu imepotelea njiani. Kama ningekuta 10.6 kwenye vichwa vya betri vyenyewe, ningesema betri imechoka, hata kama bila mzigo ilisoma vizuri. Lakini betri ilikuwa na 12.1. Mwizi yuko katikati.

Kumtafuta ni kazi ya dakika mbili, na ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Rice cooker ikiwa bado inawaka, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye teminali chanya ya inveta. Ndiyo, chanya kwa chanya. Waya mzuri utasoma karibu na sifuri. Wangu ulisoma 0.2, siyo vizuri sana, lakini unavumilika. Kisha hasi kwa hasi: 1.3.

Zidisha 1.3 hizo kwa ampea 40. Unapata wati 52, zinaungua mahali pamoja padogo kama kichwa cha pasi ya kulehemu. Nikapitisha mgongo wa kidole juu ya kebo hasi, taratibu, bila kugusa shaba. Sentimita chache kutoka kwenye betri pakawa pa moto hadi nikarudisha mkono. Ilikuwa lagi, kile kikombe cha shaba kinachobanwa mwisho wa kebo.

Nilizima vyote, nikafungua kwa spana namba 10 upande wa hasi kwanza. Hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete shoti. Nikachana mpira uliofunika lagi. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, mkavu, unaoanguka kama poda, na nyuzi za shaba zilizobaki zimekuwa nyeusi. Alama zilionyesha lagi ile ilibanwa kwa nyundo. Kwa nje ilikuwa imekaza, huwezi kuitikisa. Sisi tunaokaa pwani, Mikindani, Msimbati, Lindi, hewa yetu ina chumvi, na chumvi inaingia katika kila nafasi ambayo nyundo imeiacha.

Kuipaka mafuta juu hakusaidii kitu. Kata kebo mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Mimi nilikata urefu wa vidole vinne ndipo nikaipata. Weka lagi mpya ya saizi ya kebo ile ile, ibane kwa mashine ya kubania yenye meno ya pembe sita, siyo koleo. Ivalishe mpira wa kusinyaa kwa joto. Kichwa cha betri kisugue kwa msasa mpaka king'ae. Kama kina ukoga mweupe wa tindikali, mwagia maji yenye bekingi soda, acha povu liishe, suuza, kausha, na usiruhusu maji hayo yaingie kwenye vizibo vya betri. Kaza, halafu ndipo upake vaselini kwa juu. Ukiipaka kabla ya kukaza unaziba njia unayotaka kuifungua. Mashine ya kubania na lagi nne za akiba zinakaa chini ya kitanda changu sasa, pamoja na msasa na mita. Mashine ile niliinunua kwa bei ndogo mno ukilinganisha na inveta.

Kuhusu unene wa kebo sina mjadala na mtu. Inveta ya wati 1500 kwenye volti 12 ikipewa mzigo kamili inavuta zaidi ya ampea 140. Kebo ya milimita 16 za mraba, niliyofungiwa mwanzoni, ni ya kuchemka. Kwa umbali mfupi kama wangu 35 ndiyo ya chini, na 50 ndiyo niliyoweka. Fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, kwa sababu kazi yake ni kuilinda kebo. Fyuzi iliyokaa karibu na inveta inaiacha mita nzima ya kebo bila mlinzi. Hizo 0.2 zangu za upande wa chanya niliziona baadaye kwenye nati ya fyuzi. Ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wa barabara. Robo mzunguko wa spana, ikaisha.

Mlio mwingine ni wa joto. Ukisikia inveta inakata mchana tu, na volti zake ziko sawa, iguse ubavuni. Yangu ilikaa nyuma ya mfuko wa unga wa sembe, na feni yake ilikuwa imejaa vumbi jekundu la huku juu. Ipe nafasi ya kiganja kizima kila upande, na isafishe kwa brashi kavu. Na kuna kulia kwa kuzidiwa, ambako hakuhitaji mita: jagi la kuchemshia maji la wati 2000 haliendi kwenye inveta ya 1500. Maji ya chai ni ya jiko la gesi.

Inveta ikiwa haina kelele, taa yake ya kijani inawaka, lakini soketi hazina umeme, tatizo limehamia upande wa 230. Chomeka chombo kimoja moja kwa moja kwenye soketi ya inveta. Kikiwaka, angalia breka, kisha ekstensheni. Zaidi ya hapo, kama hukusomea, ita fundi, na usione aibu. Jambo moja lazima ulijue mwenyewe: umeme wa nje na wa inveta visikutane kamwe kwenye waya mmoja. Lazima pawe na swichi ya kubadilisha, inayoachia huku kabla ya kushika kule. Vikikutana, hapo kweli inveta inaungua. Na kabla ya kuchomeka gari kwenye soketi ya gesti yoyote, pima. Mahali fulani niliwahi kukuta volti 178, nikarudisha waya wangu ndani, kwa sababu mota ya friji haivumilii hali hiyo.

Limebaki suala la chaji. Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka asubuhi, betri zilikuwa zimeshuka hadi 12.1 zikiwa zimepumzika, na jua lilikuwa halijatoka. Injini ikiunguruma, pima betri ya kuwashia: alteneta nzima ya volti 12 inatoa kati ya 13.8 na 14.4. Kisha pima betri za nyumba, zile mbili zinazolisha inveta. Kama kule ni 14.1 na huku bado ni 12.1, rilei inayounganisha pande hizo mbili haishiki, au fyuzi yake imekatika. Zangu zilisoma 14.1 na 13.9, tukaondoka.

Sola nayo ina ugonjwa wake wa huku kwetu: kivuli. Tunapenda kuegesha chini ya mkorosho kwa sababu ya ubaridi, kisha tunashangaa betri hazijai. Tawi moja likiziba sehemu ndogo ya paneli, umeme wa paneli nzima unaporomoka, siyo sehemu ile tu. Sogeza gari. Futa vumbi asubuhi paneli ikiwa baridi. Ukifungua waya za kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, kwa sababu yoyote, rudisha betri kwanza ndipo paneli, na wakati wa kutoa, paneli itangulie.

Lakini nimeruka usiku wenyewe. Baada ya lagi mpya niliwasha tena rice cooker, nikaweka mita hasi kwa hasi: 0.05. Kwenye inveta: 11.9. Nikaizima, nikachomeka friji. Ikaguna mara moja, ikashika. Mama alikuwa macho muda wote, hakusema neno, mpaka hapo.

"Inapoa, mwanangu?"

"Inapoa, mama. Lala."

Tulisimama Nanyamba kununua ndizi. Nikafungua friji, nikatoa kipimajoto kilichokaa kando ya zile chupa ndogo. Kilisoma nyuzi 6.