Kurekodi albamu ya kwanza chumbani

Anzeni na chumba kabla ya kuwaza vifaa. Sisi tulirekodia chumba cha uani Magomeni, godoro tumelisimamisha nyuma ya mwimbaji, kwani maikrofoni inamtazama yeye pamoja na ukuta ulio mgongoni kwake. Zimeni feni. Friji nayo chomoeni, mwache funguo za nyumba ndani yake ili msisahau kuichomeka tena.

Audacity, programu ya kurekodia kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha. Rekodini kwa biti 24, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -12, chini ya sifuri ambako sauti hupasuka. Sauti ikishapasuka haitengenezeki.

Utamu uko kwenye majaribio. Gongeni sufuria la pilau kwa mwiko, kisha punguzeni kasi iwe nusu: sauti inashuka oktava nzima. Rudieni tena, mmepata ngoma ambayo hakuna duka linaiuza. Mvua ikipiga bati, irekodini.

Portastudio, mashine ya kurekodia nyumbani ya mwaka 1979, ilikuwa na njia nne tu (sauti nne zinazorekodiwa kando kando), kwenye kaseti. Nanyi jiwekeeni mpaka, tuseme njia nane kwa kila wimbo. Mpiga gitaa atanuna; mwacheni anune.

Mkichanganya njia hizo kuwa wimbo mmoja, sikilizeni pia kwa simu ya bei chee. Besi isiposikika humo, itieni mkwaruzo (distortion) kidogo badala ya kuipandisha.