Umetumiwa habari ya dawa ya kukomaza seli za uvimbe wa ubongo? Anza na ripoti ya biopsi

Kama mgonjwa wenu ameshapasuliwa kichwa, muwe Kisumu, Kakamega ama Nakuru, na kuna mtu ametuma kwa grupu ya familia habari ya dawa inayolazimisha seli za saratani zikomae, tafadhali msianze kuchanga pesa. Tafuteni ripoti ya patholojia kwanza (ndiyo hiyo ya biopsi, inayosema kinyama kilichotolewa ni uvimbe wa aina gani), juu jibu liko hapo.

Wazo lenyewe si la uongo. Ndani ya uvimbe kuna seli shina ambazo hazijakomaa na ndizo huzalisha zingine, kule Toronto, Kanada, mwaka 2004 timu ya daktari Peter Dirks ilipandikiza seli 100 tu zenye alama ya CD133 (protini iliyo juu ya seli) kwa ubongo wa panya na uvimbe ukaota, zisizo na alama hata laki moja hazikuotesha kitu (baadaye watafiti wengine wakaona hiyo alama peke yake haitoshi). Sasa badala ya kuziua unazikomaza ziache kuzaana. Kwa leukemia (saratani ya damu) aina inayoitwa APL hii kitu imefaulu kabisa, dawa inaitwa ATRA, ilianzia Shanghai miaka ya 1980, na inatokana na vitamini A. Hapo ndipo watu huumia: wanasikia hivyo wanaenda kwa kemia kununua vidonge vya vitamini A. Usimpe mgonjwa! Vitamini A ikizidi mwilini inapandisha presha ndani ya fuvu, na mtu mwenye uvimbe kichwani tayari hiyo presha inamsumbua.

Kwa ripoti angalia neno IDH, hiyo ni jeni ambayo kwa uvimbe mwingine wa ubongo huwa imebadilika. Kama imeandikwa glioblastoma (uvimbe mkali wa ubongo), IDH haijabadilika, dawa za kukomaza bado ziko kwa majaribio, tiba inabaki upasuaji, mionzi na dawa ya kemo iitwayo temozolomaidi, na hiyo mionzi msiicheleweshe mkingoja kitu kingine. Lakini kama ni astrositoma ama oligodendroglioma (aina zingine za uvimbe wa ubongo) ya gredi 2, ile inayokua polepole, na IDH imebadilika, hapo uliza daktari kuhusu dawa ya vorasidenibu. Marekani waliipitisha Agosti 2024, na venye inafanya kazi ni kuzima kimeng'enya cha hiyo IDH iliyobadilika, kinachotoa kemikali ya 2HG, ile inayozuia seli zisikomae. Haiponyeshi, inachelewesha uvimbe kukua, na bei yake ni kali sana.

Ripoti haitaji IDH kabisa? Basi mwambie daktari aagize kipimo, hakuna haja ya kupasuliwa tena, maabara huwa imehifadhi kile kinyama kwenye blok ya nta. Omba hiyo blok, weka sahihi, hakikisha namba iliyoandikwa juu yake inafanana na ya ripoti, na ukiipeleka Eldoret ama Nairobi ishike mkononi, usiiache kwa dashibodi ya matatu na jua la Kisumu. Kipimo cha rangi cha R132H (badiliko la IDH linaloonekana sana) ndicho hufanywa kwanza, kinashika mabadiliko mengi lakini si yote, kwa hivyo kikitoka negativu na mgonjwa bado ni kijana, uliza kama DNA inaweza kusomwa.