FG 42: anza na kitako, ndipo usome maandishi

Ukikutana na picha ya FG 42, ile bunduki ya askari wa miavuli wa Ujerumani yenye magazini ubavuni kushoto, usikimbilie maelezo yaliyoandikwa chini yake. Tazama kitako kwanza. Toleo la awali lina kitako cha bati, mshikio uliolala sana kuelekea nyuma, na miguu miwili iliyofungwa katikati ya bunduki. Toleo la baadaye lina kitako cha mbao, mshikio uliosimama zaidi, na miguu imesogezwa karibu na mdomo wa mtutu.

Toleo hilo la mbao lilikuja 1944, kwa hiyo picha inayodaiwa kupigwa Gran Sasso, mlima wa Italia ambako askari wa miavuli walimwokoa Mussolini, Septemba 1943, halafu kitako ni cha mbao, ina tarehe isiyo sahihi. Mimi huiweka kando papo hapo, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Kwenye bunduki yenyewe tafuta herufi fzs, alama ya kiwanda cha Krieghoff cha Suhl, Ujerumani. Zilitengenezwa kama 7,000 tu kwa jumla, na nakala za kisasa zipo, basi piga picha kila mhuri na namba kabla ya kuzungumzia bei.